Dakika Nane za Kubebwa

Mwinyihaji alivuka mstari wa mwisho huku akicheka peke yake. Mashindano matatu mfululizo alikuwa ameficha viroba viwili vya mchanga chini ya tanga kuukuu, ngalawa ikajikokota kama mgonjwa anayepelekwa msalani, mpaka kamati ya klabu ikamwonea huruma: ikampa dakika nane za kubebwa, zipunguzwe kwenye muda wake. Leo, siku ya kikombe, viroba aliviacha nyumbani Msambweni.

"Shikamoo mzee!" mama mshika saa alimpokea, maji yakimfika magotini. "Muda wako, saa moja na dakika hamsini na mbili."

"Marahaba. Huo ni wa mwezi uliopita, mwanangu. Nipe wa leo."

"Wa mwezi uliopita ndio huo huo, na wa leo ndio huo huo. Upepo ule ule, maboya yale yale, na wewe hubadiliki! Tukiondoa zako nane, umewashinda wote."

Ufuoni vigelegele vilishaanza. Mwinyihaji alipapasa chini ya tanga, akagusa mbao tupu, kavu. Kisha akavitazama viganja vyake. Viroba viwili vilikuwa vimetoka ngalawani, na nguvu za viganja hivyo zilikuwa zimetoka navyo.

"Hebu itazame tena hiyo saa," akasema taratibu.