Kasha la Tatu

Kwa amri ya serikali, kila nyumba iliruhusiwa kubaki na toleo moja tu la kila mtunzi, na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuchagua. Bi Zuwena alikuwa ameyapanga juu ya busati makasha yake matatu ya rekodi, kila moja toleo lake la michezo yote ya kuimbwa ya marehemu Mbaruku Shekue.

"Chukua hili la kwanza, bibi," alisema afisa kijana aliyetumwa kuchukua yatakayobaki. "Limesafishwa na mashine. Halina kikohozi wala kosa."

Bi Zuwena aligusa la tatu, lililorekodiwa ukumbini Tanga. Humo marehemu dada yake, Mwanaidi, alirukia kiitikio cha wimbo mmoja kabla ubeti haujaisha, na ukumbi mzima, badala ya kumcheka, ukamfuata. Tangu siku ile hakuna harusi Tanga iliyouimba wimbo ule kama ulivyotungwa.

"Hilo haliruhusiwi, bibi. Lina kosa."

"Basi beba yote matatu, mwanangu. Mimi sichagui."

Afisa akayatia mkobani, akashukuru kwamba mzee hakumsumbua. Hajafika mlangoni, Bi Zuwena akaanza kuimba wimbo ule, na kabla ubeti haujaisha akarukia kiitikio. Binti yake akadakia kutoka jikoni. Dirisha la jirani likaitikia, kisha la ghorofa ya juu, wote wakirukia palepale.

Kifaa cha afisa kikawaka kiunoni, kikaanza kuzitambua sauti na kuwataja wenyewe, jina baada ya jina.

"Langu litangulie," alisema Bi Zuwena, akavuta pumzi kwa ubeti wa pili.