Ziwa Lililokataa Rangi

Mama Kidoti alikuwa akiomba maji yageuke kijani.

Aliketi kwenye ngazi ya mwisho, miguu majini, ukingoni mwa ziwa la shimoni. Juu yake paa la mwamba wa chokaa lilikuwa limeporomoka zamani na kuacha tundu. Jua lilipenya humo likashuka hadi chini kabisa, kokoto zikaonekana moja moja. Maji matamu, baridi, mazuri ajabu. Aliyachukia.

Likizo nzima binti yake aliogelea humo. Likizo ilipokwisha akaanza kutapika, na hakuacha tena. Sasa mikono yake ilikuwa vijiti. Daktari alibadilisha dawa mpaka zikamwishia; siku hizi alisema tu mtoto anyweshwe maji kwa wingi. Na alinyweshwa. Katika hilo mama hakumwamini mtu: aliyateka mwenyewe kisimani kwao, akayachemsha, akayachuja kwa kitambaa cheupe.

Ni yeye aliyepiga kelele hadi wakaletwa wapima maji. Walimwaga rangi ya kijani, isiyodhuru, katika bwawa la maji machafu la kiwanda cha ngozi kule mlimani. Huku chini, walieleza, mwamba umetobokatoboka; rangi itakapoibukia, ndiko uchafu wa kiwanda unakokwenda. Ziwa likigeuka kijani litafungwa, na daktari atajua anapambana na nini.

"Shemeji, ukiyakodolea hivyo utayakausha," alisema mkata tiketi, mdogo wa marehemu mumewe. Alitania, lakini midomo ilimkauka. Ziwa likifungwa, hakuwa na kazi nyingine.

"Mtoto wa kaka yako anakufa, wewe unaleta utani."

Mkata tiketi akaketi kando yake, naye akayatazama.

Adhuhuri mpima maji alichota mara ya mwisho, akainua chupa juani. Maji yalikuwa meupe pe. Kama rangi ingekuja huku, alisema kwa upole, ingekuwa imeshafika. Wao walitumwa kupima ziwa tu, na ziwa ni safi. Kamba iliyofunga njia ya ziwani ikafunguliwa. Waogeleaji wakateremka mbio, wakajitupa majini kwa vicheko.

Mkata tiketi hakucheka. Alimshika shemejiye mkono akampandisha ngazi. Njia nzima Mama Kidoti hakulia. Alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu cha kulaumu, na sasa hata hicho hakipo.

Nyumbani alimkuta bibi mtu, aliyeachiwa mgonjwa, akipapasa ukuta kutafuta kiti. Macho yake yalikuwa yamefifia siku nyingi. Kidoti alikuwa ameketi kitandani mwenyewe, anatabasamu.

"Mama, leo kisima chetu kimetoa sharubati," alisema, akainua bilauri. Ilikuwa tupu, isipokuwa tone moja la kijani chini yake.