Tafsiri za Jeanine

Krr… krr… krr…

Jogoo wa jirani alikuwa bado hajawika. Sindano ilikuwa imefika mwisho wa diski na kukwaruza palepale, chini ya blanketi, alikoificha Jeanine mashine yake ya santuri ili aisikilize kwa sauti ndogo. Usingizi ulimpitia. Alipofumbua macho, koko Euphrasie, mama ya baba yake, alikuwa amesimama mlangoni na taa, rozari mkononi.

“Ule mwimbo iko ya nani?”

Mashine ile Jeanine alitumiwa na baba yake kutoka Kinshasa, pamoja na diski moja tu, na tangu siku hiyo baba hakuandika tena. Lakini sheria ya koko aliijua: wimbo usiomtaja Mungu haulali katika nyumba hii. Radio yao ya kwanza iliimba juu ya bia siku mbili tu. Siku ya tatu koko aliibeba kichwani mpaka kwa masista wa Nyantende.

“Ni ya Mungu, koko.”

“Ya Mungu, na gitare vile?”

“Iko kwa Lingala, koko. Kule Kinshasa banamusifuka vile.”

Koko aliketi ukingoni mwa kitanda, akafunika magoti yake kwa kitenge. “Basi, mutoto yangu, unifasirie.”

Jeanine alikuwa amejifunza Lingala lisee, shuleni kwake, kwa wasichana waliotoka Kinshasa. Koko mwenyewe hakuwahi kusikika akisema lolote ila Mashi, lugha ya kwao, na Kiswahili. Basi akarudisha sindano mwanzo, akaanza kusema uongo.

Mwimbaji alikuwa akimlilia Angélique, aliyemwacha akapanda lori la dereva mmoja wa Kisangani. Jeanine akasema ni roho ya mtu inayomlilia Bwana wake. Mwimbaji akaahidi vitenge vitatu na viatu virefu. Jeanine akasema ni vazi jeupe la mbinguni. Ilipofika bia ya baridi, akasema ni maji ya uzima.

“Na huyu dereva?” koko aliuliza baadaye, wimbo ulipokwisha. “Nimesikia ‘chauffeur’. Ile ni Kifaransa, hata mimi naijua.”

“Huyo ni shetani, koko.”

“Eee. Shetani anajua kuendesha lori?”

“Anaendesha watu, koko. Anawapeleka kwenye kupotea.”

“Kweli kabisa,” alisema koko, akatingisha kichwa. “Kesho tusikilize tena.”

Wakasikiliza kesho, na kesho kutwa, na kila alfajiri. Mashine ilihamia sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma, chini ya picha ya marehemu babu aliyevaa kaptula ya askari. Taabu ni kwamba koko hakutaka tafsiri ya jana. “Ile umeisha kunipa,” angesema. “Wimbo ya Mungu haina mwisho. Chimba tena.”

Jeanine akachimba. Darasani, wenzake wakipigia makofi nyimbo za chama, yeye alikuwa akitafuta maneno ya alfajiri itakayofuata. Siku moja alifika pale mwimbaji anapoulizia kama Angélique amekwisha kufika, kama amekula, na maneno yakamtoka bila kuyapanga: “Bwana, ulimuchukua mama yangu. Umupe kitanda chenye hakina baridi. Umuambie nimefaulu hesabu.” Hakuwa amemtaja mama yake tangu mazishi, miaka miwili nyuma.

“Amina,” alisema koko polepole, akamwongezea sukari kwenye chai, ijapokuwa sukari wiki hiyo ilikuwa haipatikani.

Ndipo Jumapili moja, baada ya misa, koko akaingia na mgeni: Maman Colombe, jirani mpya, mzaliwa wa Kinshasa, mume wake amehamishiwa kazi Bukavu.

“Ikala hapa, maman. Usikie mwimbo yetu ya Mungu. Jeanine, weka diski.”

Jeanine akaiweka. Leo mashine inakwenda Nyantende, alijiambia, na neno pekee la baba linakwenda nayo.

Gitaa likaanza. Angélique akapanda lori. Kikombe cha Maman Colombe kikasimama katikati ya safari, na macho yakamtoka. Jeanine alimtazama kama mtu anayezama, huku akitafsiri roho, vazi jeupe na maji ya uzima.

“Ni vile, Maman Colombe?” koko aliuliza.

Mgeni alimwangalia msichana yule kwa muda mrefu. Akashusha kikombe.

“Ni vile vile, maman. Miye nimeichezaka miaka yote, sikujua kama iko takatifu hivi.”

Jeanine alikusanya vikombe mbio, akakimbilia jikoni. Kupitia dirishani aliwaona wanawake wawili wakiagana kwenye njia. Koko alikuwa anaongea. Ilimchukua Jeanine nukta kadhaa kutambua kwamba anaongea Lingala, tena ile nzito ya kambi za askari, alikoishi zamani na babu, haraka kuliko mgeni mwenyewe.

“Asante kwa kumfichia siri,” koko alikuwa akisema. “Tangu mama yake afe, mtoto huyu akiingia kanisani anafunga kinywa, hata padri ameshindwa naye. Na sasa anasali kila siku, vizuri kunipita. Urudi Jumapili, maman, nakuomba. Na ulete diski nyingine, yenye mapenzi mengi zaidi, hii ameimaliza.”