Maziwa ya Muzee Anselme

Laurent alifika mlangoni pa choo akikimbia, mkono mmoja umeshika mkanda wa suruali, akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Tena!

"Muzee Anselme, pardon, utakawia?"

"Ngojea, mutoto! Niko nasali rozari," sauti ikajibu kutoka ndani.

Loo, watu wengine wana imani jamani! Kila asubuhi, mara tu baada ya maziwa, mzee yule alijifungia humo na Mungu wake, na Laurent akaishia nyuma ya migomba akitokwa jasho.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Ulikuwa wakati wa vita, na mji wote wa Bunia ulikuwa na swali moja tu: weye ni wa nani? Watu wa ng'ombe na watu wa mashamba walikuwa wanawindana, na mtaani Saio vijana wenye bunduki walikuwa wa upande wa ng'ombe. Laurent alikuwa mkulima wa Djugu, mtoto wa wakulima. Nyumba yao ilipochomwa alikimbia bila kuchagua njia, akaangukia huko huko Saio, kwa Muzee Anselme, aliyekuwa analinda nyumba ya tajiri mmoja aliyekimbilia Uganda. Alipoulizwa, Laurent alijibu kwamba baba yake alikuwa na ng'ombe wengi na wote wameibwa. Uongo mtupu! Hata mbuzi hakuwahi kufuga.

Lugha haikumsaliti, maana kwao Djugu pande zote mbili walikuwa wanasemezana lugha moja. Kilichobaki cha kumpimia mtu kilikuwa kopo la maziwa. Mtu wa ng'ombe anakunywa mpaka tone la mwisho, halafu analamba midomo.

Basi kila asubuhi Muzee Anselme, na fimbo yake na sauti ya kuamsha mtaa, alikaa barazani, barabara yote inaona, akajaza makopo mawili. "Kunywa, mutoto! Siye bila maziwa ni watu?" Akamkodolea Laurent macho mpaka kopo likauke. Laurent akasema aksanti, na tumbo likaanza kunguruma kama mvua inayotoka milimani.

Aache maziwa? Thubutu! Mtu akiyakataa mwenyewe, ni adui. Daktari akiyakataza, ni dawa. Ndiyo maana Laurent alianza kuzunguka kwa madaktari. Alitaka neno moja tu kutoka kinywani mwao: acha maziwa.

Wa kwanza hakuinua hata kichwa. "Minyoo," akasema, akampa vidonge. Minyoo, kama ilikuwepo, ilikufa. Tumbo likaendelea na kazi yake.

Wa pili akasema ni amiba.

"Docteur," Laurent akabembeleza, "hauniulizi nakunywaka nini asubuhi?"

"Unakunywaka pombe?"

"Hapana."

"Basi, ni amiba."

Laurent alitoka anasaga meno kwa hasira. Mtu amesoma mpaka nywele zimemtoka, na swali la pili linamshinda!

Wa tatu alikuwa mwenye maneno mengi. Alimbonyeza tumbo, akalisikiliza, akalipiga vidole, akatabasamu. "Gastrite. Hii vita inachoma matumbo ya watu. Dawa yako ni hii: asubuhi na magaribi, unywe maziwa."

Laurent alilia. Alilia kweli, palepale kitini, mwanaume mzima na ndevu zake.

"Usinishukuru," daktari akasema, "ni kazi yetu."

Laurent akakonda mpaka suruali ikawa ya mtu mwingine. Akipita kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, vijana wakamshika mkono wakaugeuza-geuza. "Ndugu, mutu wa maziwa anakondaka hivi?" Walikuwa wanacheka, lakini mmoja wao hakucheka, na huyo ndiye aliyemnyima Laurent usingizi.

Ndipo akasikia kwamba kumefika daktari mpya, mama Annette, binti wa wavuvi wa Mahagi-Port, ambaye ugomvi wa ng'ombe na mashamba haukumhusu ndewe wala sikio.

"Ukiamka," mama Annette akauliza, "unatia nini mu kinywa?"

Laurent alishika kiti kwa mikono miwili. "Maziwa, docteur."

"Kila siku?"

"Kila siku, docteur. Kopo muzima."

"Muzee na ndevu, kila siku maziwa? Weye ni ndama? Acha hiyo maneno! Ni maziwa inakuua."

Laurent nusura ambusu mikono. Alirudi nyumbani akiimba wimbo wa kanisani.

Asubuhi wimbo ulikuwa umekwisha. Muzee Anselme alijaza makopo, kama kawaida. Ng'ambo ya barabara vijana wawili walikuwa wameketi wameegemea ukuta, bunduki mapajani, wanatazama.

"Muzee, pardon. Docteur amenikataza maziwa."

Mzee akashusha kopo polepole. "Amekukataza nini?"

"Maziwa, muzee. Ni docteur anasema. Si mimi."

Mzee aliinuka, uso umebadilika. Akawapungia vijana mkono, akacheka kicheko kikubwa cha barazani, halafu akamshika Laurent ukosi wa shati, akamkokota mpaka ndani na kufunga mlango kwa komeo. Yesu na Maria! Laurent akajua amekwisha, tena kwa sababu ya kopo. Akaanza Baba Yetu, akasahau katikati, akaanza upya.

Muzee Anselme alichungulia dirishani, akavuta pazia. Kisha akasogeza mdomo mpaka sikioni mwa Laurent, na ile sauti ya kuamsha mtaa ikawa mnong'ono:

"Mutoto yangu, huyo docteur anakaa wapi? Hii maziwa itatumaliza siye wote wawili, watu wa mihogo."