Soli Nene

Namsifu alikuwa amejaribu baiskeli nne dukani kwa fundi Mbwambo, na kila moja aliishuka kabla fundi hajamaliza kuisifia. Alitaka ya kuteremkia mlima, yenye springi mbele na nyuma, na aliitaka leo.

"Hii inanifaa," alisema akiwa juu ya ile ya tano, ncha za viatu zikigusa sakafu.

Fundi alizitazama soli zake, nene kama matofali. "Vua viatu, dada."

"Ya nini?"

"Mlimani utateremka navyo hivyo?"

Namsifu hakuwahi kuvivua mbele za watu. Hata misibani alikaa kwenye viti na wanaume, asije akalazimika kuvivua mkekani. Alivivua kwa hasira, akapanda tena. Miguu ikaning'inia. Akasubiri achekwe.

Fundi hakucheka. "Springi zake ni za upepo, zimejazwa kwa mtu mzito. Wewe hata hazikusikii." Akapiga magoti, akapunguza upepo wa springi kidogo kidogo, na baiskeli ikamshukia Namsifu, ikashuka tena, mpaka vidole vyake vya miguu vikagusa saruji ya baridi.

Maisha yake yote alikuwa akivipandia vitu. Hakukumbuka kingine kilichowahi kumshukia yeye.

"Izungushe hapo nje tu," fundi alisema. "Mteremkoni usiende."

Lakini barabara ilianza kuinama palepale mlangoni, na baiskeli ikaanza kuteremka naye.

"Dada, viatu!" fundi aliita, akivinyanyua juu.

Namsifu alimsikia. Vidole vyake vilikuwa juu ya breki, bado havijaibana.