Jambazi Asiyejua Alichokunywa

Siku hizi unaweza kusimamisha filamu ukamhoji mhusika yeyote, na asiye na jibu huruhusiwa kujifunza kwa kuwachunguza watazamaji nyumbani mwao. Tunu alimsimamisha jambazi mkuu, suti ya hariri, kofia imekaa upande.

"Asubuhi umekunywa nini?"

Jambazi akatabasamu tu, akawasha sigara.

"Anapendeza, lakini ndani hamna mtu," Tunu alimwambia mumewe, Sefu. Sefu akacheka kidogo.

"Niulize kesho," jambazi akasema.

Kesho yake Tunu akamuuliza.

"Chai ya tangawizi. Nimeibakiza nusu. Leo siku ya tatu nina hasira na mke wangu, na hajaniuliza nina nini."

Tunu akageuka. Sefu alishatoka. Kikombe chake kilikuwa mezani, nusu, chai imepoa.