Mzee Aliyependa Kupimwa

"Puliza, mzee. Usiache mpaka kilie."

Mzee akapuliza. Kile kipimo cha ulevi kikalia, sifuri ikatokea. Kama jana, kama juzi, kama mwezi mzima ule.

"Haya, pita," sajenti akasema bila kumtazama. Mwanamke mkavu huyo, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi. Kwa madereva wengine utani anao, ila kwa huyu mzee, hata salamu anaibana.

Mzee hakupita. Kigari chake kinakohoa pale kwenye kizuizi, nyuma watu wanapiga honi, mmoja anatukana.

"Afande, nauliza tu. Mtu akinywa bia moja?"

"Akizidi kiwango, kosa."

"Akikataa kupuliza?"

"Kosa jingine hilo. Pita, mzee!"

Polisi kijana, mgeni pale kituoni, alicheka mpaka akashika mbavu. "Babu anatafuta uchochoro huyu. Anataka ajue anywe mpaka wapi tusimkamate."

Na kweli bwana, ilionekana hivyo. Mtu hanywi, maswali yote hayo ya nini? Nyumbani kwake alikuwa peke yake, redio inaongea na ukuta, sufuria moja, kikombe kimoja. Kutwa anafuta gari ambalo hata vumbi halina, anasubiri jua lipoe aende akapulize.

Jioni moja akaja na jipya. "Na gari likiwa limesimama, afande? Mtu kalewa, kakaa tu kwenye usukani, haendi popote?"

"Ufunguo anao?"

"Anao."

"Basi gari liko mikononi mwake. Anashtakiwa vilevile." Sajenti akashusha pumzi. "Anakaa ndani, hatoki mpaka ndugu yake aje, hajanywa, amchukue. Umeridhika?"

"Lazima ndugu?"

"Lazima. Marafiki wa baa tulishakoma nao, wanakuja wamelewa kuliko mshtakiwa."

Mzee akashukuru sana, utadhani kapewa zawadi.

Kesho yake akaja, akaegesha kando kabisa, akazima gari. Akatoa chupa. Akanywa amekunja uso, kama mtoto anayenyweshwa dawa, akapumzika, akanywa tena. Halafu akainua ufunguo juu, wote wauone.

"Afande! Njoo unipime."

Safari hii haikutoka sifuri.

Sajenti aliitazama ile namba mpaka yule kijana akamgusa bega. "Mchukue wewe," akasema. "Mwandikishe wewe."

Kituo chenyewe kilikuwa hapo hapo kando ya barabara, chumba kimoja, meza na benchi. Kijana akamkalisha mzee. Sajenti naye akaingia na ile chupa, maana ni ushahidi, akaiweka mezani, akaenda kusimama dirishani.

"Babu, umeniangusha," kijana akasema. "Mwezi mzima msafi, leo umepatwa na nini? Mkeo atasemaje?"

"Alikufa. Kwenye gari, mimi naendesha, nimelewa chakari. Kifungo nilikimaliza. Tangu siku ile sikuonja tena, mpaka leo."

Kijana akakosa pa kuyaweka macho. Akakuna kichwa. "Pole, babu. Sasa aje nani kukuchukua? Ndugu huna?"

"Sina. Nina binti mmoja tu. Tangu tumzike mama yake, simu yangu hapokei."

"Ya kituo atapokea. Nani atakataa simu ya polisi?" Kijana akavuta simu ya mezani. "Nitajie namba."

Mzee akaitaja kwa kichwa, polepole, asikosee hata moja. Kijana akabonyeza, akaweka sikioni, akasubiri.

Simu ikaita mle mle chumbani, kwenye mfuko wa sajenti.